Padi Nyeusi ya Pacha

"Karibuni wote," alisema marehemu, na chumbani hakukuwa na wa kuitikia ila Inspekta.

Alikuwa amekaa kwenye kochi la marehemu, kompyuta ya marehemu mapajani, akitazama video zake moja baada ya nyingine tangu asubuhi. Mtandaoni marehemu aliitwa Mzee wa Padi, ingawa arobaini hakuwa ameifikia. Alikuwa na chaneli ya maoni kuhusu gemu za video. Kila wiki aliketi mbele ya kamera, kofia ameigeuza kisogoni, akasema gemu ipi inafaa na ipi ni wizi wa mchana kweupe, konsoli ipi ni mashine kweli na ipi ni pambo la sebuleni, kampuni ipi imelewa sifa. Alisema kwa raha, mikono ikipunga, akimuuliza mtazamaji maswali na kunyamaza kidogo ili ajibiwe. Baadhi ya video zilikuwa zimetazamwa na watu kumi na tisa tu. Inspekta alijikuta anasikitika, na kwa kuwa hakupenda kusikitika akiwa kazini, akanywa maji.

Kesi yenyewe ilikuwa imeshafungwa na kila mtu isipokuwa yeye. Jumamosi alasiri mdogo wake marehemu alimkuta kaka yake sakafuni nyuma ya kochi hili hili, kichwa kimegonga kona ya rafu ya chuma ambako diski za gemu zilipangwa kwa mwaka zilipotoka. Ama alimkuta, kama alivyodai yeye, ama alimsukuma, kama alivyoamini Mkuu wa kituo. Daktari alisema kifo kilitokea mchana ule, kati ya saa sita na saa kumi. Chumba kilikuwa na joto la tanuri, madirisha yamefungwa, na daktari hakuweza kuubana muda huo zaidi ya hapo. Mdogo mtu alikuwa kazini, kwenye kiwanda cha maji ya chupa, hadi saa tisa, na msimamizi wake alithibitisha. Hilo lingemwokoa, kama si shahidi mmoja anayejiita Bundi, aliyecheza gemu na marehemu kwa mtandao mchana huo. Walianza saa saba, wakaachana saa tisa.

Mkuu alijumlisha. Saa tisa marehemu yuko hai, anacheza. Baada ya hapo akaingia mdogo wake, ambaye wiki moja kabla majirani walimsikia akifoka, "Nitaivunja hiyo mashine, nikuvunje na wewe!" Jalada likawa jepesi. Kesho asubuhi kijana angefikishwa mahakamani kwa kumuua kaka yake.

Kilichomkera Inspekta kilikuwa kidogo, kama lebo ya shati inayokuna shingo. Mdogo mtu alikuwa amemwambia, "Damu ilikuwa imeshakauka pembeni, afande. Nilimshika, ilikuwa imekauka." Mkuu alicheka, akamuuliza kijana udaktari kasomea wapi. Inspekta hakucheka. Muuaji mwenye akili timamu angetunga uongo mkubwa kuliko huo.

Basi alikuwa anasikiliza.

"Ukinunua gemu isiyo na diski," marehemu aliwaambia watu wake kumi na tisa, "hujanunua gemu. Umenunua ruhusa. Siku wakiamka vibaya wanachukua ruhusa yao, unabaki na picha ya kasha."

Video nyingine: "Zamani gemu ikitoka, imetoka! Siku hizi wanakuuzia nyumba haina paa. Paa, wanasema, litakuja na mtandao. Subiri hapo hapo, na mvua inanyesha."

Na nyingine, ambayo aliitoa akiwa ameshika konsoli kuukuu, mashine iliyopigwa rangi ya kijivu enzi za utoto wake: "Mnaona haya matundu mawili mbele? Mawili! Aliyeitengeneza alifikiria kwamba una rafiki. Hizi mpya zinakuunganisha na watu milioni, na kochi lako lina shimo moja tu, la makalio yako."

Inspekta akatazama kochi alilokalia. Upande aliokaa ulikuwa umebonyea hadi kwenye mbao. Upande wa pili sponji lilikuwa limesimama wima, jipya kabisa.

Halafu akafika kwenye video ambayo marehemu aliipa jina la "Wagonjwa wa Kijiti". Humo alikuwa na hasira ya mzaha. Padi, yaani kile kidude cha kushikwa kwa mikono miwili, ina kijiti cha kugeuzia macho ya mchezaji. "Ukitaka kuangalia juu, kichwa unakipeleka wapi? Nyuma! Basi na mimi kijiti nakivuta nyuma, naona juu. Nyinyi wengine mnakisukuma mbele. Mbele! Kwani shingo zenu zimefungwa wapi? Mnaniita mgonjwa. Sawa, mimi ni mgonjwa. Kila gemu mpya, kabla sijafanya lolote, naingia kwenye mipangilio, natafuta neno 'geuza', naweka ndiyo. Gemu isiyo na neno hilo naitoa kwenye mashine. Tuzo zake wazile wenyewe."

Inspekta, ambaye gemu ya mwisho kucheza ilikuwa ile ya nyoka kwenye simu ya vitufe, alitabasamu. Mtu mzima kumaliza nusu saa anatetea jambo kama hilo! Akaifunga.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Koplo. Alikuwa baba wa watoto watatu, mzito wa mwili, na tangu Jumamosi alikuwa anatafuta sababu ya kuigusa ile mashine.

"Alama za vidole walishamaliza kuchukua, afande," alisema, kabla hajaulizwa. "Nilitaka tu kuona alipoishia."

"Ona, basi. Usifute kitu."

Koplo alitoa padi nyeusi kwenye mfuko wa ushahidi. Ndiyo waliyoikuta kochini. Ya pili, nyeupe, ilikuwa kwenye kichaji chake, juu ya rafu. Akaiwasha mashine, ikaamka pale ilipolala Jumamosi: mlima wenye theluji, mpanda mlima mmoja, na kamba iliyoning'inia bila mtu upande wa pili. Koplo akampandisha yule mtu jiwe moja, la pili, akainua macho kileleni, akayashusha bondeni, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Gemu tamu hii. Inashikika mara moja."

Inspekta aliinua kichwa.

"Umebadilisha chochote?"

"Sijagusa kitu. Nimewasha, ikaendelea."

"Watoto wako wanacheza kama wewe? Kijiti wanakisukuma wapi kuangalia juu?"

"Mbele. Kama watu wote."

"Angalia juu."

Koplo akaangalia juu. Kidole gumba chake kilikwenda mbele, na mpanda mlima akaona kilele.

Inspekta aliiweka kompyuta sakafuni polepole. "Fungua mipangilio. Taratibu. Tafuta neno 'geuza'."

Lilikuwepo. Mbele yake paliandikwa: hapana. Inspekta alipiga picha skrini mara tatu, halafu akamwonyesha Koplo video ya wagonjwa wa kijiti tangu mwanzo. Koplo aliitazama, midomo ikimlegea.

"Kwa hiyo hakucheza yeye," alisema.

"Au siku hiyo alipona ugonjwa. Nipigie Bundi."

Bundi alikuwa mwanamke, mshonaji nguo wa mji wa mbali, na sauti yake ilikuja pamoja na mlio wa cherehani, ambao ulikoma aliposikia ni polisi tena.

"Nilishasema yote, mama. Saa saba hadi saa tisa."

"Alisema nini siku hiyo?"

"Hakusema. Maikrofoni yake ilikuwa imezimwa. Nikafikiri koo linamuuma."

"Kwa kawaida anasema?"

"Huyo? Hanyamazi! Mimi nashona, yeye anaongea. Nadhani hakuwa na mwingine wa kuongea naye. Na nikianguka mlimani ananitukana matusi ya kuchekesha. Jumamosi nimeanguka, nimeanguka, hajanitukana hata mara moja. Nikasema leo kaokoka."

"Ulimwalika wewe au alikualika yeye?"

"Mimi. Nilituma mwaliko, ukakaa, ukakaa, nikataka kuzima. Ndipo akaupokea." Bundi alivuta pumzi. "Mama, miaka minne nimecheza naye. Jina lake nimelijua kwenu. Sasa unaniuliza kama vile hakuwa yeye. Nani alikuwa ananivuta kwa kamba?"

"Ndiye ninayemtafuta," alisema Inspekta, na akamshukuru kwa upole zaidi kuliko alivyozoea.

Mambo sasa yalikuwa yamepinduka. Kama saa saba mtu mwingine alikuwa ameshika padi ya marehemu, maikrofoni imezimwa, basi huenda saa saba marehemu alikuwa sakafuni tayari. Na saa saba mdogo wake alikuwa anafunga chupa mbele ya watu arobaini. Lakini Mkuu asingemfungulia mtu mlango kwa sababu ya kijiti. Angesema, na si kwa ujinga, kwamba mtu anaweza kubadili tabia.

"Alikuwa anarekodi kila wiki," Inspekta alisema. "Ya wiki hii iko wapi?"

Kwenye kompyuta haikuwepo. Kumbukumbu zake zilionyesha faili la video lililotupwa kwenye pipa la taka Jumamosi, na pipa lilikuwa limemwagwa. Koplo alijikuna kisogo, akazunguka chumba, akasimama mbele ya kamera iliyokuwa juu ya miguu yake mitatu pembeni ya televisheni. Wapekuzi waliipiga picha, wakaiandika, wakaiacha. Akafungua kifuniko chake cha pembeni kwa ukucha. Kadi ya kuhifadhia video ilikuwa ndani.

Video ilionyesha tarehe ya Jumamosi, asubuhi. Marehemu alikuwa na kofia yake kisogoni, nyuma yake televisheni yenye mlima ule ule. Kwanza alifungua mipangilio mbele ya watazamaji wake, akaweka geuza: ndiyo. "Wagonjwa wenzangu, mnanielewa." Halafu akaanza uhakiki.

"Gemu hii ni nzuri, na imeuawa na haraka. Tazameni kasha. Wamechora watu wawili, kochi moja, kila mmoja na padi yake. Nimeinunua kwa ajili ya picha hii tu. Nimewasha, nimetafuta mchezaji wa pili wa hapa kochini, si wa mtandaoni. Hayupo! Atakuja baadaye, wanasema. Hawa wasambazaji walijua, wakachapa kasha hivyo hivyo. Jioni hii naiweka mtandaoni, na atakayekasirika akasirike. Mimi mchezaji wa pili ninaye." Akanyanyua padi nyeusi juu ya kamera. "Hii ni ya Pacha. Haiguswi na mtu."

Akaendelea kusema jambo jingine kuhusu ile padi, jambo dogo. Inspekta alilisikiliza mara mbili, kisha akaichomoa kadi na kuitia kwenye bahasha.

"Pacha ni nani?" aliuliza Koplo.

"Twende tukamuulize mama yake."

Mama mtu alikuwa kwenye benchi la kituo, mahali alipokuwa jana na juzi, hotipoti ya chakula cha mwanawe wa mwisho mapajani. Mmoja alikuwa amemzika, wa pili alikuwa nyuma ya mlango wa chuma hatua chache kutoka alipokaa. Askari wa zamu walikuwa wamezoea kumruka kwa macho. Inspekta alikaa kando yake.

"Mama, Pacha ni nani?"

"Pacha!" Uso wa mama ulifunguka kidogo. "Si wangu wa kuzaa. Wazazi wake walitangulia akiwa mdogo, akalelewa na shangazi asiyekaa nyumbani. Amekula kwangu utoto wake wote. Yeye na marehemu walikuwa wanaosha vyombo pamoja, mbio mbio, ili waende kwenye gemu. Watu wakawaita pacha. Jina likamganda yeye."

"Wanaonana?"

"Mwaka sasa hawasemezani. Aliajiriwa na hao wauza gemu, wale wa mjini. Marehemu akamwambia umejiuza. Maneno ya hasira tu." Akaisogeza hotipoti. "Hata msibani hakuja. Nilimwangalia kila kona."

"Kwa marehemu aliwahi kurudi?"

"Angerudi ningeambiwa. Mwanangu asingenyamaza."

Inspekta alisimama. Mama akamshika mkono wa shati. "Kesho wanampeleka kweli?"

"Bado ni leo, mama."

Ofisi za wasambazaji zilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Ukutani kulikuwa na bango kubwa la mlima wenye theluji, na chini yake watu wawili waliochorwa wakicheka kwenye kochi moja. Pacha aliwapokea mwenyewe. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi mikono ikasimama, macho yake hayakuwa yamepigwa pasi. Akawaingiza kwenye chumba cha maonyesho, ambako wenye maduka huletwa kujaribu gemu mpya.

"Nimesikia," alisema. "Inauma. Tulikuwa marafiki zamani."

"Mara ya mwisho kufika kwake?"

"Mwaka jana. Tulikosana, sikukanyaga tena. Mambo ya kazi."

"Mambo gani?"

"Yeye aliona kampuni zote ni majambazi." Alicheka kwa pua. "Alikuwa anataka gemu zitengenezwe kama zamani, kochi moja, padi mbili. Siku hizi hakuna anayecheza hivyo. Watu wana nyumba zao, mtandao wao. Nilimwambia dunia imehama. Akaniambia mimi ndiye niliyehama."

"Alikuwa anahakiki gemu yenu hii."

"Alihakiki gemu zote. Hakuna aliyekuwa anamtazama."

"Watu kumi na tisa," alisema Inspekta. "Mimi wa ishirini. Hebu nionyeshe inavyochezwa. Nimejaribu pale kwake nikashindwa kabisa."

Koplo alikuwa ameshatangulia kwenye mashine ya maonyesho na kuiwasha, kama mteja mkorofi, akagusagusa hapa na pale. Sasa akamkabidhi Pacha padi. Pacha aliipokea bila kuitazama, mdomo ukiendelea na maelezo yake ya kazi, jinsi kamba inavyofungwa, jinsi wawili wanavyovutana. Akasukuma kijiti mbele aone kilele. Mpanda mlima akatazama viatu vyake.

Gumba la Pacha halikusita. Alifungua mipangilio, akashuka mistari, akakuta geuza, akaweka hapana, akarudi mlimani. Alifanya hivyo huku akiongea kuhusu aina za kamba, na sentensi haikukatika.

"Hapo umefanya nini?" Inspekta aliuliza.

"Wapi?"

"Umebadilisha kitu sasa hivi."

Pacha aliitazama mikono yake. "A, hilo. Mtu kaacha kijiti kimegeuzwa. Mimi siwezi kucheza hivyo, kichwa kinazunguka."

"Mashine ya marehemu imebadilishwa hivyo hivyo, Jumamosi mchana. Asubuhi yake iliandikwa ndiyo. Kufikia saa tisa ilikuwa hapana."

"Afande." Aliiweka padi mezani kwa uangalifu. "Watu wote duniani wanacheza kama mimi. Mgonjwa alikuwa yeye."

"Hilo ni kweli," alisema Inspekta. "Hata Koplo huyu."

Koplo akaitikia kwa kichwa, na Pacha akapata pumzi. Inspekta alimwacha aipate. Akavuta kiti, akakaa, akashusha mabega kama mtu aliyefika mwisho wa safari na kukuta hakuna kitu.

"Basi sijui tufanye nini. Huyo mchezaji alitumia padi yako nyeusi. Hata alama zako zikikutwa juu yake, ni padi yako, zitakosaje? Za mwaka jana hazina tarehe. Kinachonishinda mimi ni kitu kimoja tu, na wewe ni mtu wa mashine hizi, utanisaidia. Padi imekaa rafuni mwaka mzima haijachezewa. Betri imekufa. Huyo mtu alikaa pale akingoja ichajike, marehemu yuko sakafuni? Alikuwa na moyo gani? Maana mwaliko wa Bundi ulikaa sana kabla ya kupokelewa. Nadhani alikuwa anahangaika na waya."

"Hakuhangaika na waya wowote. Ilikuwa imejaa, ilipobonyezwa tu ika—"

Nje, chini mtaani, mtu alikuwa anapiga honi bila kukoma. Koplo alisogea mlangoni.

"Ilikuwa imejaa," Inspekta alirudia. "Mimi na Koplo tulijua. Na aliyeibonyeza."

Shati la Pacha lililopigwa pasi lilikuwa limeanza kulowa mgongoni.

"Hujajiuliza kwa nini ilikuwa imejaa?" Inspekta aliuliza. Hakuwa anatega tena.

"Sijui. Nilifikiri... Sikufikiri."

Inspekta alitoa simu, ambamo alikuwa ameinakili ile video, akaiweka juu ya meza kati yao. Marehemu alitokea, kofia kisogoni, padi nyeusi mkononi.

"Hii ni ya Pacha. Haiguswi na mtu. Naichaji kila Jumapili, maana betri ikikaa tupu inakufa, na siku mwenyewe akirudi sitaki aikute imezima. Haya, tuendelee."

Pacha alilia vibaya, kwa sauti, kama mtu ambaye hajawahi kufundishwa. Koplo aliangalia bango. Maneno yalipokuja hayakuwa na mpangilio.

Alijua kila gemu mpya rafiki yake huihakiki, akaenda Jumamosi kumwomba uhakiki wa hii usitoke. Kazi yake ilikuwa imening'inia kwenye lile kasha. Wazo la picha ya kochi lilikuwa lake, na aliahidiwa na watengenezaji kwamba mchezaji wa pili atakuwepo. "Alinifungulia mlango anacheka. Umekuja, akasema, kaa tucheze. Mimi namweleza habari ya kazi, yeye anafuta vumbi kwenye kochi upande wangu. Nikaenda kwenye kompyuta kuifuta video. Akanishika. Nikamsukuma. Mara moja tu, afande. Nyuma ya kochi, kwenye rafu."

"Ukaifuta video."

"Nikaifuta. Halafu nikakaa. Mwaliko ukaja kwenye skrini, ukawa unawaka tu. Nikaona wasipojibiwa watamtafuta. Padi yangu ilikuwa pale pale nilipoiacha mwaka jana. Nikacheza. Nilimpa mgongo. Kila nikimaliza jabali nasema nikigeuka atakuwa ameinuka."

"Kwa saa mbili nzima."

"Sikugeuka."

"Ulijua mdogo wake amekamatwa, yuko ndani?"

"Nilijua."

"Mama yake ni yule aliyekulea."

"Ndiyo maana sikuweza kwenda msibani," alisema Pacha. Inspekta aliona kwamba kwake hilo lilikuwa jibu kamili. Akamsomea haki zake, Koplo akamfunga pingu kwa mbele, wakamshusha kwa ngazi za nyuma ili wafanyakazi wenzake wasimwone.

Kituoni Mkuu alisoma maelezo akiwa amesimama, akayasoma mara ya pili amekaa, akapiga simu mbili, kisha akasaini bila kumtazama Inspekta usoni. Mlango wa chuma ukafunguliwa. Mdogo mtu akatoka ameshika viatu vyake mkononi, kamba zake walikuwa wamezichukua. Mama yake alimshika uso kwa viganja viwili, akamgeuza huku na huku, akimkagua.

"Nani?" aliuliza mama, bila kumwachia.

Inspekta akamwambia.

Mama hakupiga kelele. Alirudi kwenye benchi akakaa, kijana akakaa naye. Hotipoti ilikuwa katikati yao, haijafunguliwa.

"Yule aliyekuwa akicheza naye kwenye ile mashine," kijana alisema mwishowe, macho chini. "Bundi, sijui nani. Amejua?"

"Nitampigia," alisema Inspekta.

"Nipe namba nimpigie mimi."

Aliandikiwa namba kwenye kiganja. Wakasimama kuondoka. Walipofika mlangoni mama akageuka.

"Yule ndani ana mtu wa kumletea chakula?"

Inspekta alifikiria shangazi asiyekaa nyumbani, na ile ofisi, na kochi lililobonyea upande mmoja. "Hana, mama."

Mama alimtazama Koplo, akamtazama mwanawe, akamnyooshea Koplo hotipoti kwa mikono miwili.

"Mpe," alisema. "Sijasema nimemsamehe. Chombo changu kirudi."